Fidia ya Ulemavu wa Ajali ya Barabarani: Jinsi Inavyopimwa

Mfanyakazi aliyepata ulemavu katika ajali ya barabarani Tanzania Bara ana njia mbili za kudai fidia. Ya kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, ulioanzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Ya pili ni bima ya gari lililosababisha ajali, na bima ikigoma, mahakama. Njia hizi hazipimi kitu kimoja. Mfuko hupima mwili: kiungo kipi kimepotea, goti linakunja kiasi gani, jicho linaona umbali gani. Mahakama hupima riziki: mtu huyu alikuwa akiishi kwa kazi gani, na sasa anaweza kufanya nini. Anayezichanganya njia hizi, au anayeijua moja tu, huondoka na nusu ya haki yake bila kujua kwamba nusu nyingine imebaki.

Ilongero, katika Wilaya ya Singida, tofauti hiyo huonekana wazi. Barabara inayotoka Singida mjini kupitia Ilongero na Mtinko kuelekea Haydom hupitisha watu wa kila namna. Msimu wa alizeti Fuso huzunguka vijijini kukusanya magunia, na mpakiaji hupanda juu ya mzigo kwa kuwa mbele wamekwisha kukaa dereva, utingo na mnunuzi. Afisa ugani huenda kwa wakulima kwa pikipiki ya serikali, na muuguzi wa zahanati hufuata chanjo mjini. Kijana wa bodaboda hubeba abiria na kuku wake kwa bei ya kupatana. Wote wanaweza kuanguka kwenye korongo lilelile na kuvunjika mfupa uleule wa paja. Sheria haiwapokei kwa namna moja.

Kabla ya kuzungumzia asilimia yoyote, jambo la kwanza kuamuliwa ni kama aliyeumia alikuwa mfanyakazi wa mtu. Afisa ugani na muuguzi hawana shida hapa: mwajiri wao ni serikali au halmashauri, na sekta ya umma imo ndani ya Mfuko. Mpakiaji wa Fuso ndiye huambiwa, mara nyingi na tajiri mwenyewe, kwamba yeye ni kibarua tu na hana mkataba. Kauli hiyo haitoshi kumfungia mlango. Mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo, na malipo yanaweza kuwa ya siku au ya gunia. Kinachoangaliwa ni kama alikuwa chini ya maelekezo ya mtu aliyemlipa kwa kazi ya biashara yake. Kijana wa bodaboda yuko mahali pagumu zaidi. Akiwa ni mwenye pikipiki, amejiajiri. Akiendesha ya tajiri na kupeleka hesabu kila jioni, au akiwa kwenye ule mpango wa kulipa kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yake, uhusiano huo hufanana zaidi na ukodishaji au ununuzi kuliko ajira, na mara nyingi Mfuko hauwezi kumfikia. Kwake iliyobaki ni njia ya bima, nayo inategemea nani alimgonga.

Jambo la pili ni kama ajali ilitokana na kazi. Afisa ugani aliyeanguka akienda kwenye shamba darasa siku ya kazi, na ratiba yake inaonyesha hivyo, ana jibu rahisi. Akianguka Jumapili akitoka msibani kwa pikipiki ileile, jibu linageuka, hata kama namba ya pikipiki ni ya serikali. Usafiri uliotolewa na mwajiri kuwapeleka watu kazini au kuwarudisha huimarisha sana dai. Ndiyo maana kipande cha karatasi kinachoonyesha safari ilikuwa ya nini kina thamani kubwa: ruhusa ya kusafiri, daftari la safari za gari, au ujumbe wa simu wa msimamizi unaosema "kesho saa kumi na mbili twende Mtinko kupakia". Ujumbe huo usifutwe, na simu ikiharibika kwenye ajali, laini yake itunzwe. Katika njia hii Mfuko hauhitaji kujua nani alikuwa na kosa barabarani. Dereva aliyeajiriwa akikata kona vibaya akaumia, bado ni mfanyakazi aliyeumia kazini.

Fidia kubwa au ndogo huanza kujengwa siku ya ajali yenyewe, wakati hakuna anayewaza fidia. Majeruhi akiwa anawahishwa hospitali, ndugu mmoja aende kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Daktari akiandika "maumivu ya mguu" huku mgonjwa amevunjika paja na kuchanika goti, neno hilo dogo litamfuata mwaka mzima. Ndugu anayejua kusoma ana haki ya kuomba kwa adabu kila jeraha litajwe, upande wake utajwe, kulia au kushoto, na kama mgonjwa alipoteza fahamu, hilo nalo liandikwe. Polisi wa usalama barabarani huchora ramani ya eneo, hukagua magari na baadaye hutoa ripoti ya ajali ijulikanayo kama PF90. Nakala za haya yote ziombwe mapema. Majalada huhama, na askari aliyepima eneo anaweza kuhamishiwa mkoa mwingine kabla mgonjwa hajatupa magongo.

Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari ya ajali, na madai yenyewe yafikishwe ndani ya miezi 12. Siku 7 hizo ni jukumu la mwajiri, lakini ni busara mfanyakazi asimwachie peke yake. Taarifa ya mdomo kwa msimamizi ifuatwe na barua fupi, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, au ipigwe picha mbele ya shahidi. Mwajiri ambaye hajajisajili kwenye Mfuko ana kosa lake, na mara nyingi ndiye anayekuwa mwepesi kulipia matibabu ya wiki ya kwanza kwa fedha taslimu na kuomba mambo yaishie hapo. Fedha hiyo ipokelewe kama ni msaada wa matibabu. Isisainiwe karatasi inayosema ndiyo fidia yote. Mfanyakazi au ndugu yake anaweza kwenda mwenyewe kwenye ofisi ya Mfuko kuripoti.

Upimaji wa ulemavu haufanyiki mgonjwa akiwa bado amefungwa hogo. Kipindi hicho kinaitwa ulemavu wa muda, na malipo yake ni asilimia 70 ya kipato cha mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Mpakiaji aliyekuwa akipata shilingi 300,000 kwa mwezi atahesabiwa 210,000 kwa kila mwezi anaoshindwa kufanya kazi. Hapa ndipo kipato halisi huleta ubishi. Mwajiri anayechangia Mfuko kwa mshahara ulioandikwa mdogo kuliko anaoulipa hujipunguzia mchango, na bila kusema humpunguzia mfanyakazi fidia. Kwa kibarua ambaye hana hati ya mshahara, ushahidi ni ujumbe wa malipo ya simu, daftari la mahudhurio na maneno ya wapakiaji wenzake. Posho ya kudumu inayolipwa kila mwezi iwekwe kwenye hesabu. Fedha ya kula njiani kwa safari moja haimo.

Upimaji wenyewe hufanyika hali ikishatulia, yaani daktari anapoona kwamba matibabu zaidi hayataleta mabadiliko makubwa. Kwa mfupa wa paja uliowekewa chuma, hali hiyo inaweza kuchukua mwaka au zaidi. Mgonjwa hulazwa kitandani, daktari akashika kifaa kinachofanana na rula mbili zilizounganishwa kwa msumari: kiungo cha kifaa huwekwa pembeni mwa goti, mkono mmoja hufuata paja, mwingine hufuata muundi, kisha mgonjwa huambiwa akunje. Pembe husomwa kwa nyuzi. Goti zima hukunja takriban nyuzi 135. Goti linaloishia 70 halichuchumai, na mtu asiyechuchumaa hawezi kung'oa vitunguu, kukamua ng'ombe wala kutumia choo cha shimo bila kushikilia kitu. Kisha daktari huchukua futi ya kushonea, akapima kutoka mfupa wa nyonga hadi kifundo cha mguu, upande wa kulia na wa kushoto. Sentimita tatu za tofauti hazionekani mtu akiwa amekaa, ila huonekana kwenye soli ya kiatu kimoja inayolika upande, na baadaye kwenye maumivu ya kiuno.

Mgonjwa huharibu kipimo hiki kwa namna mbili. Wapo wanaojikaza. Mwanamume aliyelelewa kutoonyesha maumivu hukunja goti mpaka jasho linamtoka, na daktari huandika nyuzi ambazo hataziweza tena nyumbani. Wengine huigiza, na daktari aliyezoea hugundua haraka, kwa sababu misuli ya mguu usiotumika hunywea na mguu unaotumika haunywei, hata mwenyewe aseme nini. Lililo sahihi ni kufika na orodha ya mambo yanayoshindikana: hatua ngapi kabla maumivu hayajaanza, uzito gani hauinuliki, usiku analala saa ngapi. Ulemavu usioonekana ndio husahaulika zaidi. Mtu aliyepigwa kichwa na akaanza kusahau majina, kukasirika ovyo au kupata degedege asiridhike na picha ya mguu peke yake. Mke au mwanawe aende naye, maana mwenye tatizo la kumbukumbu hawezi kulieleza tatizo la kumbukumbu.

Matokeo huandikwa kwa asilimia, na mstari mkubwa uko kwenye asilimia 30. Ulemavu wa kudumu usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi 30, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Ulemavu wa asilimia 100 una pensheni ya asilimia 70 ya kipato, na ulio chini yake hulipwa kwa uwiano. Mpakiaji wetu wa shilingi 300,000 akipimwa asilimia 100 atahesabiwa 210,000 kila mwezi. Akipimwa asilimia 40, hesabu ni 300,000 mara 70 kwa mia, mara 40 kwa mia, sawa na 84,000 kila mwezi, kabla ya kuangalia viwango vya chini na vya juu vya Mfuko. Kutokana na mstari huo, tofauti ya 29 na 32 ina uzito usiolingana na ukubwa wake, na kipimo kilichoangukia karibu na 30 ndicho chenye sababu zaidi ya kuombewa daktari wa pili. Kwa kulinganisha, sheria ya Kenya ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007 hulipa ulemavu kamili kwa mkupuo wa kipato cha miezi 96. Mkupuo huvutia macho, lakini familia nyingi za vijijini zimeona fedha ya namna hiyo ikigeuka bati, ng'ombe wawili na mikopo ya ndugu ndani ya msimu mmoja. Pensheni ndogo hudumu.

Pamoja na fedha za ulemavu, Mfuko una mafao mengine yanayosahaulika. Kwa jumla ni saba: matibabu, ulemavu wa muda, ulemavu wa kudumu, malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, utengamao, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Utengamao ndio unaopaswa kuulizwa na kila aliyekatwa mguu. Mguu bandia hauvaliwi milele. Hulika, kisiki hubadilika umbo kadiri misuli inavyonywea, na tundu lililokaa vizuri mwaka wa kwanza huchubua mwaka wa tatu. Moshi, kwenye eneo la hospitali ya KCMC, kipo chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, na fundi yeyote aliyepita hapo atasema kwamba kijana wa miaka 25 atahitaji miguu kadhaa maishani mwake. Hesabu ya mguu mmoja tu ni hesabu pungufu.

Njia ya pili huanzia kwenye kioo cha mbele cha gari. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu, ile ambayo watu huiita bima ndogo. Mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, huonyesha kwa namba ya usajili kama gari lina bima hai na kampuni gani imeikata, kwa hiyo stika ya bandia haimfichi mtu siku hizi. Namba ya gari ipigwe picha palepale. Tofauti na Mfuko, hapa kosa lazima lithibitishwe: dereva fulani aliendesha vibaya na uzembe huo ndio uliosababisha ulemavu. Dereva akiwa ameajiriwa, mwajiri wake huunganishwa kwenye shauri, maana mali anayo yeye.

Kesi ya trafiki ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Dereva hufikishwa mahakamani, hukiri, hulipa faini, na faini huenda serikalini. Majeruhi hapati hata senti, hivyo ndugu huona kesi ile haiwahusu na hawaendi kusikiliza. Kwa Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni uthibitisho usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa. Nakala ya hukumu hiyo huokoa miezi ya kubishana kwenye shauri la madai kuhusu nani alikuwa upande usio wake. Ifuatwe kwa karani wa mahakama mapema. Shauri la madai lenyewe lina ukomo wa miaka 3, na mtu aliyelala hospitali miezi 8 na kungoja mfupa mwaka mzima huona miaka hiyo imekwisha kabla hajakutana na wakili.

Mahakama hugawa madai katika sehemu mbili. Hasara halisi, kama gharama za dawa, gari la kukodi kwenda Dodoma au Haydom, na mshahara uliokwisha kupotea, hulipwa zikitajwa moja moja na kuthibitishwa. Mahakama ya Rufani ilisisitiza hilo katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe la mwaka 1992. Risiti ambayo haipo ni fedha ambayo haikutumika, machoni pa sheria. Kirikuu kilichokodiwa usiku kumpeleka mgonjwa Singida hakitoi risiti, lakini mwenyewe anaweza kuandika kwa mkono, kutaja tarehe na kiasi, na kuweka saini. Sehemu nyingine ni fidia ya jumla kwa maumivu, usumbufu na raha ya maisha iliyopotea, ambayo hakimu hukadiria mwenyewe.

Katikati ya hizo liko pengo ambalo asilimia za mwili haziwezi kuliziba, nalo ni kipato cha baadaye. Hesabu inayotumika sana katika mahakama zinazofuata mfumo wa Kiingereza huchukua kipato cha mwaka, sehemu yake iliyopotea, na idadi ya miaka iliyopunguzwa, kwa kuwa fedha inalipwa yote leo na maisha yana hatari nyingine. Mpakiaji wa miaka 35 mwenye kipato cha 300,000 kwa mwezi alikuwa na 3,600,000 kwa mwaka. Ikithibitika amepoteza asilimia 60 ya uwezo wa kuchuma, hasara ya mwaka ni 2,160,000. Kwa kiwango cha miaka 12 jumla yake ni 25,920,000. Goti lilelile ambalo kipimo cha Mfuko kililipa asilimia ndogo lina sura nyingine hapa, kwani mpakiaji asiyepanda ngazi na gunia begani amepoteza kazi nzima, huku karani mwenye goti hilohilo akirudi mezani kwake. Ushahidi wa jambo hili hautoki kwa daktari peke yake. Mnunuzi wa alizeti akieleza kwamba gunia moja lina uzito gani na kwamba hawezi kumpa kazi mtu wa namna hiyo, amesema jambo ambalo eksirei haisemi. Kilichokwisha kulipwa na Mfuko hakilipwi tena kwa jina jingine, kwa hiyo malipo yake yawekwe wazi kwenye shauri.

Kampuni ya bima mara nyingi hutoa kiasi kidogo mapema, pamoja na karatasi ya kumaliza madai yote. Vivyo hivyo mwenye gari huja na mzee wa kijiji, laki tatu na maandishi ya kuachiliana kwa mtendaji. Makubaliano ya namna hiyo si haramu, na kwa jeraha dogo yanaweza kuwa bora kuliko mahakama. Tatizo ni kuyasaini kabla ulemavu haujapimwa, maana wakati huo hakuna anayejua kinachouzwa. Bima ikikataa kulipa au ikichelewesha, Msuluhishi wa Migogoro ya Bima hupokea malalamiko bila kulazimisha wakili.

Ajira nayo ni sehemu ya hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mwajiri hawezi kumwondoa mtu kwa sababu tu anatembea na gongo. Lazima kwanza aangalie kama kazi inaweza kurekebishwa au ipo nyingine anayoiweza, na mpakiaji anaweza kuwa mhesabu magunia. Anayeachishwa bila utaratibu huo ana siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, muda mfupi kuliko mwingine wote wa mfanyakazi mwenyewe uliotajwa hapa, na ndio unaopita haraka zaidi kwa mtu aliye kitandani.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mfuko huomba kwanza Mfuko wenyewe uupitie upya, kisha anaweza kwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na hatimaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ombi linalosema tu "asilimia ni ndogo" huwa dhaifu. Lenye nguvu huambatanisha ripoti mpya ya daktari bingwa wa mifupa, yenye nyuzi za goti, urefu wa kila mguu kwa sentimita, tarehe ya kipimo, na maelezo ya mahali ambapo kipimo cha kwanza kiliruka jeraha. Ripoti hiyo huandikwa vizuri zaidi daktari akiwa na picha zote za eksirei tangu siku ya kwanza, kwa hiyo picha hizo zisiachwe hospitali wala zisikunjwe, bali ziwekwe kavu, zikiwa zimenyooka, chini ya godoro au juu ya kabati.